Mwadi Hajala

Umeme ukija Katuba, mimi ni mtu wa kinu.
Ukiondoka, mimi ni mwandishi asiyeona mstari wake.
Riwaya yangu inakwenda hivyo:
nusu sentensi usiku wa manane,
nusu ya pili wiki ijayo, mshumaa ukibaki.

Nina kurasa mia moja na kumi na mbili
katika daftari la madeni. Nilianzia nyuma,
ili tajiri akifungua mbele asome
Mama Chola, ndoo mbili, atalipa Jumamosi,
na asimwone Mwadi
aliyesimama kituo cha reli tangu mwezi wa tatu.

Maana Mwadi hapandi treni.
Nimemletea treni mara nne.
Nimeipigisha honi, nimeipakia makaa, mbuzi, askari wa likizo.
Nimemsukuma kwa upepo, kwa barua ya mama yake,
kwa vivumishi saba katika aya moja.
Amebaki na sanduku lake, ananitazama
kama mtu anayemngoja fundi aliyekwisha kula malipo.

Ukutani niliandika kwa chaki: MANENO MIA MBILI KILA SIKU.
Vumbi la unga limeshafuta KILA.
Chini yake mtu ameandika bei ya pumba.

Ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba
niliuweka kwenye riwaya mara tisa.
Nimeufuta mara nane.
Kufuta ndiko kunakonichosha;
gunia la mahindi hata likiwa zito, lina mwisho.

Numbi, mke wangu, haulizi nimefika ukurasa wa ngapi.
Anauliza karo ya Kisimba.
Anauliza nani amemaliza mshumaa.
Siku moja tu, akikunja nguo, bila kuinua uso:
"Huyo Mwadi wako anavaa kikwembe changu."
Kweli. Kile cha kijani, chenye ndege.
Sikuwa najua kwamba nimekiiba,
wala kwamba yeye husoma.

Jumanne umeme ulikatika
mahindi ya Mama Chola yakiwa nusu yamo kinywani mwa mashine.
Akaketi juu ya gunia, akaomba daftari ahakikishe deni lake,
akalifungua upande usio wake.
Akawasha tochi ya simu.
Mimi nikajifanya nakaza mkanda
ambao haukuwa umelegea.
Midomo yake ilikuwa ikitembea. Mara ikasimama.

"Huyu mwanamke hajala."

"Nani?"

"Huyu. Kurasa arobaini: analia, anakumbuka, anatazama reli.
Tumbo lake liko wapi?
Mwenye njaa hapandi treni, baba. Anatafuta kwanza sahani."

Akageuza daftari, akalisoma upande wa haki.
"Na deni langu ni ndoo moja, si mbili."

Nimekopa vitabu vya watu, nikavihesabu pumzi,
nikajifunza wapi sura inafungwa, wapi siri inafichwa.
Ndoo moja. Nilirekebisha palepale.

Nyumbani Numbi alikuwa amenifunikia bukari,
matamba, na kipande cha samaki wa chumvi.
Nilikula polepole nikiuchungulia mkono wangu
kama mkono wa mgeni:
kidole gumba kinavyochimba kishimo kwenye tonge,
mchuzi unavyosita ukingoni kabla haujaingia.
"Kuna jiwe?" akauliza Numbi.
"Hapana. Naangalia."
"Basi angalia na mdomo ukiwa umefungwa."

Usiku ule, kinuni, kwa mshumaa wa kidole kimoja,
nilimwambia Mwadi aweke sanduku chini.
Akaliweka. Akalikalia.
Kumbe miguu ilikuwa ikimuuma tangu mwezi wa tatu,
nami sikuwahi kumuuliza.
Nikampelekea msichana mwenye sahani mbili na birika,
akamimina maji, Mwadi akakunja mikono ya blauzi,
akanawa mpaka kwenye viwiko,

hapo balbu ikawaka.
Mota ikakohoa. Nje, ndoo zikagongana mlangoni:
"Papa wa kinu, amka, usituibie moto!"

Nimemwacha hivyo, mikono ikidondosha maji,
amekodoa macho kwenye sahani iliyofunikwa.
Asubiri kidogo.
Naenda kumsagia unga.